Maji Kwanza, Shitsama

Shitsama, nimesikia kwa mkeo, si kwako,
kwamba Alhamisi unakwenda Kakamega kupimwa figo
na panga lako limelala tangu Jumapili.
Langu nalo lililala hivyo. Basi nisikie mimi
kabla Ambetsa kinyozi hajakujaza yake
ya mashine inayowachoma watu mbegu.

Haichomi. Ni sauti tu,
sauti ambayo hata mbwa wa Mumias haisikii.
Inaingia mwilini, inagonga figo, inarudi,
kama unavyoniita gizani upande wa pili wa miwa
na kwa mwangwi ukajua nilipo.
Hakuna sindano. Hakuna kisu.

Lakini maji!
Saa moja kabla, lita nzima, na usikojoe.
Nilicheka. Miaka kumi na saba tunakata miwa
toka umande hadi jua la utosi,
chupa moja ya chai midomo minne,
mkojo wetu rangi ya molasi,
leo naambiwa ninywe kama fahali aliyetoka mnadani.
Nikanywa. Haba na haba, kibaba kikajaa,
ndipo stima zikapotea.

Usiombe, ndugu yangu.
Jenereta ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa.
Nilihesabu vigae vya dari mara tatu.
Mama mmoja mjamzito, naye kanywa yake,
akanitazama nilivyosokota miguu, akacheka,
nami nikacheka, na kicheko
nusura kituaibishe sote wawili.
Ukizidiwa, mwambie muuguzi.
Usinyemelee choo ukarudi na uso wa mtu wa haki:
kibofu kitupu hujikunja kama soksi,
na picha itakuumbua.

Vaa shati la vifungo.
Dawa ya presha, na kula au kutokula, uliza
palepale unapopewa tarehe; kila hospitali ina lake.
Beba picha za zamani,
hata ile uliyoificha chini ya godoro. Najua ipo.

Ndani ni giza la jioni.
Binti wa umri wa Nanjala wangu akasema,
"Baba, pandisha shati, legeza mshipi,"
na mimi, mzee mzima, nikatazama ukuta.
Kisha jeli. Shitsama, ni mrenda uliolala!
Baridi, unateleza mbavuni, na kidude juu yake
kikitembea kama pasi isiyo na moto.
"Vuta pumzi. Shikilia. Achia."
Hakuumiza, ila alipogandamiza chini ya kitovu
nilitaja majina ya babu zangu kimoyomoyo.
Halafu: "Nenda ukakojoe, urudi."
Sijapewa amri tamu kama ile tangu nizaliwe.
Unarudi, anatazama kilichobaki. Usitoroke hapo.

Kwenye skrini, mvua ya kijivu.
Na ndani ya mvua, doa jeupe
lenye kivuli nyuma yake.
"Ni nini hicho?"
"Daktari atakusomea."
Usimkasirikie. Yeye hupiga picha, hahukumu.
Kaa kwenye benchi, futa mrenda wako, ngoja.

Na kama daktari atakutuma kwa ile mashine nyingine,
ya duara, yenye dawa ya mshipani,
hapo mambo ni mapya. Sema yote:
sukari yako, na ile dawa iliyokuvimbisha midomo
mwaka ule wa harusi ya Wekulo.
Usimfiche kitu kwa heshima.

Okumu tulimfukia tukisema mgongo, mgongo tu,
kazi ya miwa.
Sikumbuki hata mmoja wetu aliyemuuliza
anakojoa mara ngapi kwa siku.

Sasa naja shambani na mtungi wa lita tano.
Msimamizi anasema naukata muda wake kwa kwenda kichakani.
Naenda.
Ijumaa usinipigie simu kunieleza matokeo.
Njoo nyuma ya trela tusimame bega kwa bega
kama zamani tulipokuwa wavulana,
na safari hii tusishindane umbali.
Tutazame rangi.